Woga wa Watu: Je, Kompyuta Yaweza Kuutibu?

Katika kikundi chetu cha kina mama kulikuwa na dada mmoja aliyeketi kila mara karibu na mlango. Akiombwa kusoma, alitoka nje. Zamu yake ya kutukaribisha nyumbani ilipokaribia, hakuonekana tena. Tulisema ana kiburi. Hata sisi wauguzi, ambao tulipaswa kutambua ugonjwa, tulisema hivyo hivyo.

Si haya tu

Mpendwa msomaji, kuona haya ni jambo la kawaida. Lakini wapo watu ambao wakiwa mbele ya wenzao moyo huwaenda mbio, mikono hutetemeka na jasho huwatoka, wakidhani kila jicho linawahukumu. Mara nyingi hali hii huanza katika ujana. Wengine huacha masomo au kazi kwa sababu yake. Na kadiri mtu anavyowakwepa watu, ndivyo woga unavyoota mizizi, maana hapati nafasi ya kuona kwamba aibu anayoiogopa haitokei.

Matibabu yapo. Mgonjwa hufundishwa kuyapima mawazo yake, kisha kukabili anachokiogopa hatua kwa hatua: leo kuuliza bei dukani, kesho kumsalimu jirani asiyemzoea. Shida ni kwamba anayeogopa watu huogopa hata kumwendea mtabibu.

Masomo ya Sydney

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Sydney, Australia, wakiwemo Nickolai Titov na Gavin Andrews, walitayarisha masomo 6 ya kufuatwa kwa kompyuta kupitia intaneti. Mgonjwa husoma akiwa nyumbani, kisha hupewa mazoezi ya kufanya. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi walipata nafuu.

Lakini walijaribu pia kuwaacha wengine wasome peru yao bila mtabibu wa kuwaandikia. Masomo yalikuwa yale yale, ila karibu theluthi moja tu ndio waliomaliza. Wenzao waliokuwa wakiandikiwa walimaliza kwa wingi na kupona vizuri zaidi. Katika jaribio la mwaka 2009, baadhi ya waliosoma peke yao walipigiwa simu fupi kila wiki, ya kuwatia moyo tu, bila ushauri wa kitabibu. Hata hiyo ilisaidia!

Tufanye nini?

Kumbe kompyuta hufundisha, lakini mtu huhitaji mwenzake wa kumwuliza, "Umefikia wapi?" Kazi hiyo haihitaji cheti.

Tulikwenda kwa yule dada, wawili tu, tukamwomba radhi. Sasa anahudhuria kliniki ya afya ya akili, na kila Jumatano mmoja wetu humpigia simu. Bado anaketi karibu na mlango. Mwezi uliopita alisoma mistari miwili.

Kina mama wenzetu, ni nani ambaye hajaonekana kikundini kwenu? Msimsukume mbele za watu, wala msimwite mwenye kiburi. Mwelekezeni hospitali, kisha msiache kumwulizia hali.