Programu Kongwe za Lugha ya C na Kompaila za Sasa

Msomaji wa miswada yetu ya hati za Kiarabu anajua kwamba alama tatu za irabu za hati hizo hazikutosha irabu tano za Kiswahili. Ilimbidi msomaji mjuzi ajazie. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilikuwa na desturi kama hiyo, na kwamba kukomeshwa kwake ndiko kunakofanya programu nyingi kongwe zikataliwe leo.

Lugha hiyo iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwandishi alipotumia kitendaji bila kukitangaza, kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, ilidhani kwamba kinarudisha int, yaani namba kamili. Usanifishaji wa mwaka 1999 uliiondoa dhana hiyo, ila kompaila nyingi ziliendelea kutoa onyo tu. GCC 14, iliyotolewa mwaka 2024, imeligeuza onyo kuwa kosa.

Je, huu ni ukali wa bure? La. Tuchukue programu ya kamusi yenye kitendaji tafuta_neno, kinachorudisha anwani ya neno katika kumbukumbu ya kompyuta. Katika kompyuta nyingi za leo anwani ina biti 64, ilhali int ina biti 32. Kompaila ikidhani int, nusu ya anwani hupotea. Programu husoma mahali pasipo neno, au hukatika ghafla.

Mrekebishaji na aanze na kosa la kwanza, kwani upungufu mmoja huzaa malalamiko mengi. Kabla ya kitendaji kutumiwa, aandike tangazo lake:

char *tafuta_neno(char *);

Mabano yasiachwe matupu, kwa kuwa GCC 15 ya mwaka 2025, isipoelekezwa vingine, huyachukulia kuwa kitendaji hakipokei kitu.

Iko njia ya mkato: kuiamuru kompaila kwa -std=gnu89 ifuate sarufi ya zamani. Amri hiyo huliondoa kosa tulilolieleza, lakini anwani huendelea kukatwa. Mhariri mwema wa mswada hafichi utata. Huandika waziwazi irabu iliyokusudiwa. Mrekebishaji wa programu naye hana budi kufanya vivyo hivyo.