MARADHI HAYANGOJI MSIMU
Khabari za wakulima wa Karagwe na Kyerwa, na fundisho lake kwetu



Huenda mmoja wenu akauliza: Karagwe na karafuu wapi na wapi? Jawabu si mbali. Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, mpakani mwa Rwanda na Uganda. Zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012. Mali ya huko ni buni, nayo buni, kama karafuu zetu, huleta fedha kwa msimu. Lakini maradhi humjia mkulima siku yo yote, hata siku ambayo hana senti mfukoni.

Shida hii ilidhihiri khasa baada ya mwaka 1993, Serikali ilipoanza kutoza ada katika hospitali za Tanzania Bara. Hospitali za Nyakahanga na Isingiro, zilizojengwa na makanisa, zimewatibu watu wengi wa wilaya hizo. Hata hivyo, mtu wa kijiji cha mbali alikuwa na mizigo miwili: kufika, na kulipa.

Katika nchi zile za mto Kagera, mzigo wa kufika watu waliubeba pamoja. Upande wa Uganda, majirani walikuwa na jumuiya za engozi, yaani machela ya kusuka. Mmoja akiugua, wenzake humchukua mabegani mpaka hospitali, kwa zamu. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi, katika Rukungiri, iliziona jumuiya hizi ikafanya jambo la busara: ikaandikisha watu katika bima ya matibabu kwa jumuiya zao. Waliozoea kumbeba mgonjwa pamoja wakaanza kubeba na gharama yake pamoja.

Mwaka huo huo wa 1996, Tanzania Bara ilianza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii huko Igunga, na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kile kile. Mpango ulikuwa mzuri, lakini wengi walilipa mwaka mmoja tu, wasirudi tena. Kwa nini? Kadi ilikubaliwa katika kituo kimoja tu, na mara nyingi mtu akifika huambiwa dawa hakuna. Malalamiko hayo hayakupotea bure. Mwaka 2018 mfuko ulitengenezwa upya: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na mgonjwa akaweza kupelekwa mpaka hospitali ya mkoa. Kisha Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Hapa ndipo penye fundisho. Sheria huandikwa Dodoma, lakini dawa hutafutwa kijijini. Mwanakijiji wa Karagwe au Kyerwa anayo mahali pa kusemea. Kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mtu mzima ni mjumbe wake, hauna budi kukutana walau kila miezi 3. Zahanati nayo ina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, zahanati na vituo vya afya vilianza kupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao za benki. Basi mtu akisimama mkutanoni akauliza, "Fedha zimeingia kiasi gani, na dawa zilizonunuliwa ni zipi?" hatukani mtu wala hafanyi fitina. Anauliza khabari za mali yake. Asiyeuliza asilaumu.

Na sisi je? Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu Unguja na Pemba yalitangazwa kuwa bure, na wengi wetu tumekulia katika neema hiyo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipata Mfuko wa Huduma za Afya, ukaanza na watumishi wa umma. Mtumishi hukatwa mshahara kila mwezi. Sisi hatuna mshahara. Tusiposema wenyewe tuchangie lini na kwa njia gani, watatusemea wasioujua mkarafuu.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu yajadiliwe katika matawi kabla ya mkutano mkuu. Kwanza, mchango wa matibabu ulipwe wakati wa kuuza karafuu, kwa ridhaa ya mwanachama, fedha zikingali mkononi. Pili, kila tawi lichague wawili, mwanamume na mwanamke, wafuatilie hali ya kituo cha afya cha shehia yao na kulieleza tawi. Tatu, na hili ndilo zito: wachumaji wetu, ambao wengi wao si wanachama, wahesabiwe pamoja nasi. Wao ndio wanaopanda juu. Tawi likikatika, sisi tuko chini kwenye majamvi. Fidia kwa aliyeanguka ni jambo jema, lakini haimtibu mtoto wake mwenye homa.

Akiba haiozi. Ikiwa wenzetu wa kule waliweza kuchukuana mabegani, sisi hatushindwi.