Nyama hakuna, lakini maharagwe yapo

Mwezi huu sitaandika habari za mitihani. Nitaandika habari za chungu.

Muhula uliopita nilikuwa na mvulana mmoja darasa la nne, mwenye akili sana, lakini kila siku ikifika saa nne asubuhi analala juu ya dawati. Nilidhani anazurura usiku. Jioni moja nikaenda kwao. Mama yake akanipa kiti, akasema, "Mwalimu, usimpige huyu mtoto. Nyumba hii haijaona nyama tangu Pasaka. Nguvu atatoa wapi?"

Nikamuuliza wanakula nini. Ugali na majani, mara moja kwa siku, jioni. Na maharagwe ya mgao? Akacheka kidogo. Mengine aliuza apate sabuni, mengine yalimshinda kwa kuni, na mwezi ule alikuwa amebadilisha kilo mbili za maharagwe kwa nusu kilo ya nyama ya mbuzi, na mifupa ndani, ili watoto nao waonje. Waliionja siku moja.

Niliondoka bila kusema kitu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo: nyama ndiyo chakula, maharagwe ni kuvumilia tu. Baadaye nilikaa na mhudumu wa afya wa mtaa wetu, nikasoma na vitabu vya lishe, na nikaona tumejidanganya.

Hebu tupige hesabu. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe zina protini gramu 20 hivi. Gramu 100 za maharagwe makavu zina gramu 21 hivi. Yaani ukipima kwenye mizani, maharagwe makavu hayashindwi na nyama. Karanga zinafika gramu 25, na soya inapita gramu 35. Sasa yule mama alitoa kilo mbili za maharagwe, ndiyo protini zaidi ya gramu 400, akapokea chini ya gramu 100. Muuzaji wa mbuzi ndiye aliyekula vizuri mwezi ule.

Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Unga wa mahindi gramu 400 unampa kama gramu 32. Akiongeza maharagwe makavu gramu 100, amefika, na nyama hajaigusa. Akiuza maharagwe anabaki na zile 32, na hata hizo hazijengi mwili sawasawa. Sababu ni hii. Protini ni kama nyumba ya matofali ya aina nyingi. Mahindi yana upungufu wa tofali moja linaloitwa laisini. Maharagwe yanalo kwa wingi, lakini yana upungufu wa lingine linaloitwa methionini, ambalo mahindi yanalo. Kila kimoja kinamkopesha mwenzake. Si lazima vikae sahani moja, siku moja inatosha. Bibi zetu waliopika maharagwe na mahindi pamoja hawakusoma hayo popote, lakini walikuwa sawa.

Tena si mchezo. Kati ya mwaka 1989 na 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanakula mahindi kama sisi, na karanga zilikuwa kwenye mgao wao. Karanga zikakatika. Mwaka 1990, kuanzia Februari hadi Oktoba, watu zaidi ya 17,000 wakaugua pelagra. Ngozi inachubuka pale inapopigwa na jua, shingoni na mikononi, halafu kuhara, halafu akili inachanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Ugonjwa huo unatokana na kukosa vitamini inayoitwa naiasini. Imo ndani ya mahindi lakini imefungwa, tumbo haliwezi kuifungua vizuri. Karanga ndizo zilizokuwa zinawalinda. Nilipoyasoma hayo niliangalia kopo letu la karanga nyumbani kwa macho mengine.

Sasa tuje kwenye kuni, maana najua mama wengi mtaniambia, "Mwalimu, maneno yako mazuri, nani atakwenda porini kutafuta kuni?" Ni kweli. Maharagwe yanakula kuni, na njia ya kuni si salama kwa dada zetu. Loweka maharagwe jioni, asubuhi mwaga maji yale, weka maji mapya na funika sufuria vizuri. Yanaiva mapema zaidi, gesi tumboni inapungua, na vilevile madini ya chuma na zinki yanaingia mwilini kwa urahisi kuliko ukipika bila kuloweka. Wengine wanatia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, kwa hiyo ukiweza acha, na ukishindwa tia kidogo sana. Majirani wawili wenye sufuria moja kubwa wanaweza kupikia pamoja kwa moto mmoja. Kwetu tumeanza hivyo na mama mmoja wa Kirundi, na tunagombana tu juu ya chumvi.

Majani hatuna shida nayo, hata kwenye gunia la udongo mlangoni lenga-lenga inaota. Lenga-lenga na matembele yana madini ya chuma na vitamini A, lakini yasichemshwe mpaka yawe meusi. Tia mafuta ya mgao hata kijiko kimoja, kwa sababu vitamini A bila mafuta haiingii vizuri. Sombe ni kinyume. Hiyo itwangwe vizuri na ichemke sana, maana majani ya muhogo yana sumu, na haraka ya kuokoa kuni isikuponze hapo. Chuma cha kwenye majani na maharagwe ni kigumu kuingia mwilini kuliko cha nyama. Kinasaidiwa na kitu chenye uchachu kama limao, au nyanya mbichi, na kinazuiliwa na chai. Hapo nakiri kosa langu: miaka yote nimekula maharagwe na kikombe cha chai ya rangi pembeni. Chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Na mama mjamzito asitupe vidonge vya chuma vya kliniki kwa sababu vinamchafua tumbo. Arudi aulize wanywe namna gani. Chungu peke yake hakimtoshelezi wakati ule.

Mtoto mdogo ana hesabu yake. Tumbo lake ni kama ngumi. Ukimpa ugali na majani anashiba kabla hajapata kitu. Baada ya miezi sita, pamoja na maziwa ya mama mpaka miaka miwili au zaidi, ponda maharagwe, toa maganda, tia mafuta na karanga zilizotwangwa laini kabisa, na umlishe mara nyingi kidogo kidogo. Karanga nzima usimpe, zitamkaba. Na ule unga wa uji wa mgao, wa mahindi na soya, ninaomba sana, jamani, usiende sokoni kubadilishwa na sukari. Umetiwa vitamini na madini ambayo hutayapata kwa bei ile mahali popote.

Iko moja ambayo mimea yote haina: vitamini B12. Katika mtaa wetu kuna mzee mmoja, Msabato, ambaye tangu ujana hali nyama wala samaki, hanywi maziwa, mayai hagusi. Ana nguvu, anabeba maji mwenyewe, na anatucheka sisi tunaolilia nyama. Nilimchukua kama ushahidi wangu. Lakini mwaka jana miguu ilianza kumchoma kama sindano, akawa anasahau hata majina ya wajukuu. Watu wakasema amerogwa. Kliniki walisema damu imepungua na B12 imekwisha, wakamchoma sindano, na miguu ikatulia polepole. Mwili unaweka akiba ya vitamini hiyo kwa miaka, ndiyo maana mtu anaweza kujiona mzima kwa muda mrefu. Mama anayenyonyesha akiikosa, mtoto wake anaumia zaidi.

Dawa si lazima mbuzi. Dagaa wachache, wale ambao Warundi wanawaita indagara na sisi wa Kivu ndagala, wanayo, na ukila na mifupa yake unapata na kalisi. Yai la kuku wa jirani linayo kidogo. Asiyekula vyote hivyo, kama mzee wetu, basi uji wa mgao ndio tegemeo lake, na asione haya kuuliza kliniki. Sasa anaunywa kila asubuhi, na anasema hauna ladha.

Nilirudi kwa yule mama na daftari langu la hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwalimu, maharagwe siuzi tena. Na sabuni?"

Sikuwa na jibu. Mgao umepunguzwa mara kadhaa miaka hii ya karibuni, na mtu hawezi kulowesha kitu ambacho hakipo. Tulikaa tukapanga. Akiuza, auze sehemu ndogo ya unga, maharagwe abakize, na karanga anunue kopo moja siku ya mgao kabla fedha haijatawanyika. Kiporo cha maharagwe kidogo kiwekwe, kipashwe moto vizuri, na mtoto ale asubuhi kabla ya shule. Nyama ya Pasaka ataendelea kuitafuta, na mimi nani nimkataze.

Mvulana siku hizi anakaa macho mpaka saa sita. Isipokuwa wiki ile ya mwisho kabla ya mgao. Wiki hiyo bado analala, na mimi namwacha alale.

Mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la nne