Theluthi ya Wosia kwa Wasio na Fungu

Mwislamu wa Ujiji akifariki akaacha wake wawili, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili, na wazazi wake wametangulia, hesabu haisumbui. Tuseme mazishi na madeni yamelipwa, zimebaki shilingi milioni 24. Wake wanapata thumuni, yaani milioni 3, wanagawana sawa. Mtoto wa kiume anachukua milioni 10.5, kila binti milioni 5.25.

Mimi wananisumbua wasiomo katika hesabu hiyo, na katika mji huu wenye ndoa za mchanganyiko ni wengi. Mke Mkristo hamrithi mume Mwislamu. Mtoto wa kambo harithi, hata kama marehemu ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Mtoto wa nje ya ndoa humrithi mama yake, si baba. Siku ya arobaini wanakaa kwenye mkeka ule ule na warithi, kisha wanaondoka mikono mitupu. Kwa ajili yao Uislamu umeacha nafasi: mtu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi. Inaniuma kuona theluthi hiyo akiandikiwa mtoto kipenzi mwenye fungu lake tayari. Warithi wenzake wasiporidhia, wosia huo haupiti.

Mkristo ambaye mirathi yake inafuata Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika Tanzania, ana uhuru mpana zaidi wa kuusia. Anahitaji mashahidi wawili, na shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu. Pasipo wosia, mvutano huanza kwenye sheria yenyewe: ya kimila, au hii? Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi. Jina la ubatizo pekee halitoshi.

Halafu kuna mali zisizo na hati. Boti lililoko Kibirizi, injini, nyavu, michikichi ya Mwandiga: andika kipi ni chako, kipi mna ubia, wavuvi wanakudai nini. Michikichi aliyoinunua mkeo kwa fedha yake ya mawese, iandike kuwa yake, maana kilicho chake hakiingii kwenye mirathi yako. Nyumba iliyoko Uvira ina safari yake katika sheria za Kongo.

RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandaa na kutunza wosia. Ukishauweka huko, mwambie angalau mtu mmoja asiyeishi nyumbani kwako.