KAMATI NJEMA HUHESABU MBELE YA WOTE

Gatete, katika eneo la Rumonge, iko kati ya vilima vya michikichi na maji ya Ziwa Tanganyika. Huko mapato hayaji kila siku kwa kipimo kimoja. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki, na mitumbwi mingi hulala ufukoni. Mwenye michikichi naye hungoja mikungu iive ndipo akamue mawese. Basi mama auzaye ndagala wakavu, jirani yake apikaye sabuni, na mke wa askari auzaye unga mlangoni pake, wote wana shida moja: fedha hujaa mkononi wiki hii na kutoweka wiki ijayo, lakini ada ya shule haingoji usiku wa giza.

Ndiyo sababu wafanyabiashara wadogo huungana katika vyama vya kuweka na kukopa. Utaratibu unaotumika leo mahali pengi barani Afrika ulianza nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Nchini Burundi vyama vya namna hiyo vinajulikana kwa jina la Kirundi la Nawe Nuze, yaani "nawe pia uje". Kuja si kazi. Kazi ni kudumu. Aghalabu chama hakivunjiki kwa umaskini wa wanachama, bali kwa udhaifu wa kamati yake.

Watu watano, funguo tatu

Chama cha watu kumi na watano hadi ishirini na watano chatosha kuwa na kamati ya watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Sanduku huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu walio nje ya kamati. Hivyo mwenye sanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana sanduku.

Wako wanaonung'unika kwamba utaratibu huu ni dharau kwa mtunza sanduku, mtu mwaminifu anayejulikana na mtaa mzima. Kinyume chake, kufuli hizo humlinda yeye kwanza. Tuseme mtoto wake anaugua usiku wa manane na fedha za wenzake ziko chini ya kitanda. Akizigusa, hata kwa nia ya kuzirudisha kesho, jina lake limeharibika. Asipoweza kuzigusa, atabisha hodi kwa wenzake kuomba msaada, na jina lake litabaki safi.

Mkutano na hesabu

Mkutano uwe na siku yake, saa yake na mahali pake pasipobadilika. Wanachama huketi kwa duara ili kila jicho lione sanduku. Wahesabu huhesabu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na katibu haandiki mpaka wawili hao wamekubaliana. Kabla ya kufunga, salio hutamkwa mbele ya wote ili kila mtu alikumbuke. Mkutano ufuatao huanza kwa kuwauliza wanachama salio lilikuwa kiasi gani. Kwa njia hiyo hata asiyejua kusoma ni mkaguzi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkopo nao una mpaka. Desturi ya vyama hivi ni kutompa mtu zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na muda wa kulipa usipite miezi mitatu. Kamati yenye busara ya mwambao wa ziwa hutazama pia mwezi angani: haimtaki mchuuzi wa ndagala alipe katika wiki ambayo mitumbwi imelala. Kadhalika hutenga mfuko mdogo wa maafa. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za mwambao, watu wengi walijifunza kwamba balaa haipigi hodi.

Cheo hubaki kambini

Katika familia za askari na polisi kuna jambo moja la kuangaliwa. Kambini amri hutoka juu kwenda chini, na ndivyo ipasavyo. Chamani sivyo. Mwaka 1844, watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao mafundi wa kufuma nguo, walifungua duka la ushirika. Miongoni mwa kanuni zao, kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kwa hiyo mke wa ofisa na mke wa askari wa kawaida huwa sawa mbele ya sanduku. Mwenyekiti asiamuru, aulize, asikilize, kisha apigishe kura. Na kila mwaka kamati nzima ijiuzulu, uchaguzi ufanywe upya kwa siri.

Jambo la pili ni uhamisho. Amri ya kuhama ikifika, familia hufunga mizigo kwa siku chache. Katiba ya chama yafaa itaje mapema: anayehama hukabidhi daftari au ufunguo mbele ya mkutano, deni lake huondolewa katika akiba yake, na kilichobaki hulipwa mkononi mwake. Bila kifungu hicho, uhamisho wa mtu mmoja waweza kuondoka na imani ya watu ishirini.

Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa, akiba na faida hugawanywa, kila mmoja kwa kadiri ya hisa zake. Siku hiyo ndiyo mtihani wa kamati. Ikiwa kila mwanachama amekwisha kujua nyumbani kiasi atakachopokea, na akakipokea kilekile, kamati imefaulu.