Wazazi wa chekechea Iyunga, tunapopaki getini tunahatarisha watoto wetu wenyewe

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakichukulia poa: namna tunavyopaki tunapowapeleka watoto chekechea.

Mimi kila asubuhi nampeleka mtoto wa dada yangu, ana miaka minne, kwenye chekechea moja huku Iyunga. Saa moja na nusu pale getini ni vurugu tupu. Noah iko mlangoni kabisa, bajaji mbili katikati ya njia, bodaboda zinapenya, halafu mwingine anarudi nyuma huku anaongea na simu. Mwezi wa sita, siku ya ukungu mzito, dogo alinichomoka mkononi akapita kati ya Noah na bajaji. Kirikuu ikafunga breki... ikasimama hatua mbili toka alipo. Dereva alikuwa mwendo mdogo, la sivyo leo ningekuwa naandika tangazo la msiba. Na niseme ukweli, pikipiki yangu mwenyewe ndiyo iliyoziba njia ya waenda kwa miguu.

Tatizo ni hili. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa kama mita moja tu. Akitokea nyuma ya Noah, dereva anayekuja hamuoni na yeye haoni gari. Gari likiwa km 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho kisheria kwenye makazi ya watu, linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Yaani kabla mguu haujagusa breki, mita 14 zimeshaliwa! Kwa km 30 ni kama mita 8. Hapo ndipo mtoto anapopona au anapokufa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Sisi tunaoishi karibu na barabara kuu ya Tunduma ndio zaidi. Malori ya Zambia na Kongo yanapita mchana na usiku, na lori lililosheheni halisimami kama baiskeli.

Sasa mbona hakuna anayesema? Mwalimu anaogopa mzazi atamhamisha mtoto na ada iondoke. Mlinzi akisema, anajibiwa "unanijua mimi ni nani?" Kwa hiyo sheria itoke kwenye kikao cha wazazi wenyewe, mlinzi abaki kutekeleza tu. Mapendekezo yangu:

1. Paki mbali kidogo, hata mita 50, utembee umemshika mtoto mkono. Ni dakika moja tu.

2. Tunaendesha kushoto, basi mtoto ashukie mlango wa kushoto, pembeni. Asishukie upande magari yanakopita.

3. Marufuku kurudi nyuma getini. Ikibidi kabisa, mtu mzima ashuke aangalie nyuma.

4. Matairi chakavu yapakwe chokaa, yapangwe mbele ya geti ili pasipakiwe. Gharama karibu na bure.

5. Matuta na zebra tuombe kwa barua kupitia serikali ya mtaa. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaani ni za TARURA. Ukikosea ofisi, barua inalala.

Msidhani ni ndoto. Dar es Salaam shirika la Amend lilitengeneza njia za miguu, matuta, vizuizi na alama karibu na shule za msingi, na majeruhi wakapungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Vitu vyenyewe ni hivi hivi, hakuna cha ajabu.

Mimi siku hizi naacha pikipiki kwenye duka la jirani, tunatembea na dogo hadi getini. Baadhi wananicheka, eti mshamba. Poa tu, dogo yupo.

Je, huko kwenu, Iringa, Makambako, Tukuyu, mnafanyaje? Naomba kuwasilisha.