NGURUWE ANAYENYONYESHA ASILALE NA NJAA



Katika Wilaya ya Kasese, kutoka Kilembe na Hima hadi Bwera na Mpondwe mpakani, watu wengi wa mshahara hufuga nguruwe jike mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Sababu yajulikana. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kazi mwaka 1956, na uchimbaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliotegemea mgodi ule walijifunza kwamba kazi yaweza kwisha, lakini karo ya shule haiishi. Nguruwe akilea vizuri, karo hupatikana. Akilea vibaya, jasho la mwaka mzima limepotea.

Leo twasema juu ya jambo moja: chakula cha nguruwe anayenyonyesha. Wengi hulalamika kwamba watoto walizaliwa 10 wakabaki 5, na lawama huwekwa juu ya dume au juu ya jirani mwenye kijicho. Mara nyingi kisa kimo ndani ya hori.

Tazama kwanza kazi yake. Nguruwe hubeba mimba siku 114, yaani miezi 3, wiki 3 na siku 3. Akishazaa, hunyonyesha karibu kila saa, mchana na usiku. Ifikapo wiki ya tatu aweza kutoa maziwa lita 8 au zaidi kwa siku. Sisi hatukubali kufanya zamu mbili kwa mlo mmoja, na yeye hana chama cha kumsemea. Chakula kikipungua, haachi kazi mara moja, bali huyatoa maziwa katika nyama na mifupa yake mwenyewe. Ndiyo sababu baada ya mwezi mgongo wake huonekana kama panga, na watoto hudumaa. Nguruwe mwenye afya hutaka dume siku 4 hadi 7 baada ya watoto kuachishwa. Aliyekonda hukaa majuma mengi, na wewe unamlisha bila faida.

Kipimo ni rahisi kukumbuka: kilo 2 kwa mwili wake, na nusu kilo kwa kila mtoto. Mwenye watoto 8 atakula kilo 6 kwa siku. Hicho ni chakula kikavu kilichochanganywa. Hapa wengi hukosea. Hujaza hori maganda ya ndizi na majani ya viazi, wakaridhika kuona tumbo limejaa. Lakini katika kilo 10 za majani mabichi ya viazi, zaidi ya kilo 8 ni maji. Majani ni mboga tu, na mboga bila posho haimalizi zamu. Msingi uwe pumba za mahindi, pamoja na mukene waliosagwa au soya iliyokaangwa, na chumvi kidogo. Soya mbichi humzuia kusaga chakula tumboni. Na kwa kuwa kwetu pamba hulimwa, jihadhari na mashudu yake: yana sumu inayodhuru nguruwe.

Usimnenepeshe wakati wa mimba, maana aliyenenepa sana hupoteza hamu ya kula akishazaa. Siku ya kuzaa mpe chakula kidogo na maji mengi. Kisha ongeza nusu kilo kila siku mpaka afikie kipimo.

Adui mwingine ni joto. Bondeni Kasese mchana hufika nyuzi 30, na nguruwe hatoki jasho kama mtu. Joto likipita nyuzi 25 huanza kupunguza kula. Basi mlishe alfajiri kabla hujaenda zamu, jioni, na tena usiku kabla ya kulala. Juu ya mabati ya banda weka nyasi. Maji anayohitaji ni lita 20 hadi 40 kwa siku, yaani jerikeni moja au mbili. Asipokunywa, hali, na asipokula, maziwa hayatoki.

Akikataa chakula siku mbili tatu za kwanza baada ya kuzaa, shika matiti yake. Yakiwa magumu na ya moto, naye analalia tumbo huku watoto wakilia, huo ni ugonjwa. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usinunue sindano kwa kubahatisha, wala usingoje kesho, kwa maana watoto wachanga hawavumilii njaa.

Lakini kama nguruwe kadhaa wanakataa kula pamoja, wana homa kali, na masikio yanageuka rangi nyekundu au zambarau, huenda ni homa ya nguruwe ya Kiafrika. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hauna dawa ya kuuponya. Ngiri, kama hao walio katika Hifadhi ya Queen Elizabeth jirani yetu, hubeba virusi bila kuugua, na papasi huvieneza. Funga nguruwe wako bandani. Chemsha makombo ya hotelini kabla ya kuwapa. Ugonjwa ukiingia, toa habari kwa ofisi ya mifugo, usiuze nguruwe wala nyama. Anayeuza mgonjwa sokoni Bwera anaua nguruwe wa mfanyakazi mwenzake.

Tena, tukumbuke majirani zetu Waislamu. Banda liwe mbali na nyumba zao, na uchafu usitiririkie kwao.

Mwisho, ndugu, pumba hupanda bei mavuno yakipita. Mtu mmoja hawezi kununua gunia kumi, lakini watu kumi wa zamu moja waweza, wakati bei iko chini, na kugawana kwa haki. Gunia tulishirikiane. Dume la kuzungushwa nyumba hadi nyumba tuliepuke, kwa kuwa huleta ugonjwa mlangoni. Kila tawi lijadili jambo hili kabla ya mavuno yajayo.